Mkanda ulilia, nasi karibu tutoe feza ya mtoto



Wengi wenu hapa Mikelenge mnaijua gari ya chama chetu, ile ya zamani inayobeba mpunga na mafuta ya mawese mpaka sokoni, na usiku mwingine mama mwenye uchungu mpaka hospitali. Mwezi uliopita ilianza kulia. Asubuhi tukiiwasha ilipiga kelele kama mtoto wa mbuzi anayemwita mama yake, kisha ikanyamaza. Mvua ikinyesha, au tukiwasha taa, ililia tena.

Fundi mmoja aliisikia tu, hata kifuniko cha moteri hakufungua. Alisema: «Alternateri imekufa. Leteni feza ya kununua nyingine.» Alternateri ndiyo mashini ndogo inayotengeneza umeme wa kujaza betri. Bei yake ilikuwa sawa na likelemba yote ya mwezi ule, na zamu ilikuwa ya dada yetu mjane, aliyeingoja feza ile kwa masomo ya binti yake. Tuliogopa. Tulisema mambo ya gari ni ya wanaume, tutoe tu. Dada yule aliinamisha kichwa, akakubali.

Ndipo mzee wetu mmoja, mama aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashini ya kusaga mihogo, akauliza: «Mmeangalia mkanda? Mashini yetu nayo ililia hivi kila mara mkanda ukilegea.»

Tulimwita shofere. Moteri ilikuwa imezimwa na kupoa. Mkanda uling'aa upande wa ndani, tena ulikuwa na mipasuko midogo. Tukausukuma kwa kidole gumba, katikati ya vigurudumu viwili unavyozunguka. Mkanda mzuri hushuka kama sentimita 1; wetu ulishuka karibu 3. Tukautoa, tukazungusha kigurudumu cha alternateri kwa mkono. Kilizunguka laini. Kama kingekwaruza au kuchezacheza, ubovu ungekuwa ndani, kwenye beringi.

Basi tukaelewa. Taa zikiwaka, alternateri inafanya kazi nzito zaidi. Mkanda uliolegea unateleza, na kuteleza kule ndiko kunakolia. Maji ya mvua yanazidisha.

Tulinunua mkanda mpya, shofere akaukaza, lakini si kupita kiasi, maana mkanda uliokazwa mno unaua beringi. Jirani anayetengeneza radio akaleta kipimo chake: moteri ikizunguka, betri ilionyesha volti 14. Chini ya 13 ingekuwa alama kwamba haijazwi.

Wamama, msipeleke mkono karibu na mkanda moteri ikizunguka. Fungeni vizuri vikwembe na nywele, na watoto wakae mbali. Wala msiache kelele hii iendelee: katika gari nyingi mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji, na ukikatika njiani usiku, moteri inachemka na betri inakwisha.

Dada yetu alipokea likelemba yake, na binti anasoma. Lakini tulikuwa tayari kumnyima zamu yake kwa sababu ya woga wetu tu. Tumemwomba msamaha. Siku nyingine mtu akituambia kitu kimekufa, tutamwomba kwanza afungue, atuonyeshe.