Bei ya Kungoja

Mama ana daftari la madeni. Humo wamo wadaiwa wake wote wa mahamri na mbaazi: mabichiboi, wapishi wa hoteli, walimu, madereva wa tuktuk. Kando ya kila jina ameandika tarehe. Mtu akipitisha mwezi bila kulipa, mama anampigia mstari mwekundu, na kuanzia siku hiyo huyo ananunua kwa pesa mkononi. Shule hakwenda mbali, lakini sijawahi kumwona akimkopesha mtu kabla ya kulifungua daftari.

Mimi chuo nilikiacha mwaka wa pili, karo iliponishinda. Sasa naandika kazi za hapa na pale: maelezo ya nyumba za wageni, menyu, mara moja moja hotuba ya harusi. Na kama unaijua Watamu, unajua baada ya Pasaka inakuwaje. Wageni wanarudi kwao, hoteli zinafunga moja moja, kusi inaanza kuvuma, na mpaka Julai simu iko kimya.

Basi Mei mwaka jana, nikiwa sina hata ya bando, binamu yangu akanitumia tangazo. Ofisi moja ya umma hapa Pwani, sitaitaja, ilikuwa inataka kuuziwa karatasi, rimu 100. Chini yake pameandikwa: kwa kampuni za vijana pekee.

Hilo la vijana si pambo. Mwaka 2013 serikali ilitangaza kwamba asilimia 30 ya manunuzi yake iwe ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, mpango tunaouita AGPO. Sheria ya manunuzi ya 2015 ikaliweka hilo kwa maandishi. Kampuni iwe asilimia 70 ni ya watu wa miaka 18 hadi 35, viongozi wake wote wawe vijana, basi unapewa cheti bila kulipishwa. Sisi cheti tulikuwa nacho. Tulichokosa ni pesa.

Rimu moja Malindi, bei ya jumla, niliambiwa 650. Rimu 100 ni shilingi 65,000. Nilipomwambia mama, aliendelea kukanda unga kwa muda, halafu akasema, "Nitakuchukulia za chama, baba. Ukilipwa, faida yako urudi nayo chuo."

Usiku ule sikulala vizuri. Pesa za chama si za mama peke yake. Ni za wanawake kumi na wawili wanaouza samaki, viazi karai na leso, na wanaomwamini.

Nikaona kabla ya kujaza fomu nilifungue daftari la ofisi yenyewe. Kenya hii, ukiwa na simu na subira, inawezekana. Kwenye tovuti ya serikali ya tenda, tenders.go.ke, nilikuta kandarasi ambazo ofisi ile imetoa: nani alipewa, kwa shilingi ngapi. Jina moja lilijirudia mara nne. Nikajiambia, haya, ndio hawa.

Kesho yake nikapanda matatu hadi Malindi kwa mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ofisi, aliyewahi kuiuzia ofisi hiyo hiyo. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Akatoa faili, akanionyesha LPO yake ya zamani. Rimu moja: 1,100.

"Mzee," nikamwambia, "hapa si ndipo wanapokula?"

Akacheka. "Usiangalie bei, mwanangu. Angalia tarehe."

Mzigo aliufikisha Juni, siku chache kabla mwaka wa fedha kufungwa tarehe 30. Pesa aliiona Februari. Miezi minane.

"Hiyo mia nne na hamsini unayoiona juu," akasema, "nyingi yake ni bei ya kungoja."

Nikapiga hesabu ndani ya matatu, kabla hatujafika Gede. Chama cha mama kinatoza asilimia 10 kwa mwezi. Kwa 65,000, hiyo ni 6,500 kila mwezi. Miezi minane, 52,000. Igawe kwa rimu 100, kila rimu inabeba 520 za kungoja. Ongeza 650 za kununulia: 1,170. Yaani bei niliyoitukana asubuhi ilikuwa bado inanipungukia shilingi 70. Ningeuza rimu 100 na kupata hasara ya 7,000, nauli ya mzigo sijaitia.

Sisemi wizi hakuna. Jina lile kujirudia mara nne bado linanikera. Ninachosema ni kwamba bei peke yake haikuambii kama unaona mwizi au unaona mtu aliyengoja. Na ofisi inayochelewa kulipa, hata kama kila mtu ndani yake ni mwaminifu, itanunua ghali tu, na ghali hiyo tunailipa sisi sisi. Mwenye akiba ya kungoja anashinda tenda. Kijana aliyetengewa asilimia 30 ndiye asiyeweza kungoja.

Sheria ile ile ya 2015, kifungu cha 140, inazungumzia riba kwa malipo yaliyochelewa. Nilikuwa nimemuuliza mzee kama aliwahi kuidai. Aliniangalia tu, kisha akarudisha faili kabatini.

Jioni nikafungua ripoti ya Msimamizi wa Bajeti. Kufikia Juni 2024, serikali za kaunti kwa jumla zilikuwa zinadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 180. Lakini kilichonishika si hizo bilioni. Ni jedwali linalogawa madeni kwa umri: chini ya mwaka, mwaka hadi miwili, miwili hadi mitatu, zaidi ya mitatu. Na ripoti za Mkaguzi Mkuu zinakumbusha kila mara kwamba bili isiyolipwa inarukia bajeti ya mwaka unaofuata na kulipwa kwanza. Kwa hivyo mimi mgeni ningeleta karatasi mpya, halafu nipange foleni nyuma ya wote hao.

Nilimpelekea mama simu pale jikoni. Nikamsomea upande wa wanaodai ofisi tuliyokuwa tunataka kuiuzia, na umri wa madeni yao, kwa Kiswahili changu mwenyewe. Akapangusa unga mikononi, akaniuliza maswali mawili tu: mwaka huu wamelipa nani, na aliyelipwa aliwadai tangu lini.

Fomu hatukujaza. Pesa za chama zilibaki chamani na chuo sijarudi. Tuliomba kazi nyingine ndogo, kutafsiri vipeperushi kwa Kiswahili, kwa sababu hiyo mtaji wake ni usiku wangu na kikombe cha chai. Hata hiyo kabla ya kuomba nilikaa na majedwali yao siku mbili.

Mama siku ile alirudia kukanda. Baada ya kitambo akasema, kama anayezungumza na unga:

"Walimu wa serikali nawakopesha, hulipa mwisho wa mwezi. Lakini huyo mwajiri wao, mimi ningemuuzia kwa pesa mkononi tu."