Mbio za Alfajiri Shela

Mwaka 1994 Shela ya Lamu haikuwa na mwanamke mzima aliyekuwa akikimbia, ila mama anayemkimbilia mtoto asiangukie majini. Mimi na wifi yangu tulianza mwishoni mwa kusi ya mwaka huo. Siku hizi nasikia vijana wakisema mabinti wa leo ndio wa kwanza kukimbia katika ufuo wetu, ndiyo maana nimeona niyaandike haya kabla hayajanitoka. Maneno ya watu yalikuwapo, lakini yalikoma mapema. Kilichotusumbua muda mrefu ni mwili, na habari za mwili hapakuwa na aliyetaka kuzizungumza.

Tulianza kwa sababu ya kisukari. Mama yangu alikuwa ameshakatwa vidole vya mguu, na nilipokuwa na mimba ya tatu muuguzi akaniambia sukari yangu imepanda. Akanieleza kwamba sukari ya mimba hushuka mtu akishajifungua, lakini mwanamke aliyewahi kuipata huwa karibu zaidi na kisukari chenyewe miaka ya mbele. Akaniagiza nitembee sana. Wifi yangu, aliyekuwa amezaa mara sita, akasema kama ni kutembea sisi twatembea kutwa, na sukari imepanda vilevile. Wazo la kukimbia lilikuwa lake.

Ufuo wetu una urefu wa kilomita 12 hivi. Unaanzia mbele ya hoteli ya Peponi na kuzunguka upande wa kusini wa kisiwa kuelekea Kipungani, na vilima vya mchanga viko kando yake. Lakini Shela mtu hakimbii saa anayoitaka, hukimbia saa aliyopewa na maji. Siku za bamvua, ukimaliza kusali alfajiri, maji ndiyo kwanza yaanza kutoka. Mchanga mgumu wote uko chini ya bahari, na unaobaki ni ule mlaini unaozamisha mguu mpaka kwenye kifundo. Siku za maji mafu ndipo alfajiri hukuta maji yamekupwa, na ukapata utepe wa mchanga ulioshikana. Kwa hiyo tulikimbia kwa kufuata mwezi. Na hata huo mchanga mgumu umelala upande. Ukienda, mguu wa baharini uko chini na nyonga ya upande mmoja ndiyo inayobeba. Ukirudi, inabeba ya pili. Mwenye nyonga zilizowahi kufunguka kwa kuzaa hulihisi jambo hilo kabla hajafika mbali.

Siku za kwanza tulivaa buibui. Upepo wa kusi ukaingia ndani yake, likajaa kama tanga na kuturudisha nyuma. Baada ya hapo tukawa tunavaa gauni refu juu ya suruali pana ya pamba na mtandio uliofungwa sana, na buibui tunalikunja na kuliacha mahali nyumba zinapoishia. Mapaja yalichubuka. Chini ya matiti palichubuka pia, na jasho lilipofika hapo tulijikaza tusilie. Tulijipaka mafuta ya nazi kabla ya kutoka, yakasaidia mpaka njia nusu.

Yapasa niseme kidogo habari za arobaini, maana wageni huandika kana kwamba wanawake wa pwani hawakujua kitu. Nilipojifungua nilikandwa kwa uto wa simsim kuanzia mabegani mpaka nyayoni. Tumbo lilifungwa kwa kitambaa kirefu, likakazwa kila asubuhi. Nilifukizwa udi, nikanyweshwa mchuzi wa kuku wenye pilipili manga, nikakatazwa kuinua hata ndoo. Ni elimu kubwa ile, na hospitali nyingi hadi leo hazimpi mzazi nusu ya uangalizi huo. Upungufu wake ulikuwa mmoja: ilikoma siku ya 40. Siku ya 41 mwanamke alihesabiwa kuwa amepona, akarudi kwenye ndoo, jiko na kitanda cha mumewe. Kama kuna kitu ndani kilichokuwa hakijafunga, alibaki nacho mwenyewe.

Mtoto wangu alikuwa na miezi saba na bado ananyonya. Alfajiri matiti yalikuwa yamejaa, mazito, na kila nikikanyaga yalinivuta mpaka shingoni. Kabla hatujafika kwenye vilima maziwa yalishalowesha sidiria na gauni. Nilirudi nyumbani chuchu zimechunika, na mtoto alipozishika machozi yalinitoka. Mama mkwe aliona, akakataza. "Mwana hanweshwi maziwa ya moto," akasema. Aliamini kwamba mama akishapata joto la mbio maziwa huharibika yakamletea mtoto tumbo. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amezika watoto wawili wa kuhara, na sikuwa na la kumjibu. Mwaka huohuo, huko California, Kathryn Dewey na wenzake walichapisha utafiti juu ya akina mama wanaonyonyesha waliofanya mazoezi, wakakuta kwamba maziwa hayakupungua, hayakubadilika, na watoto waliongezeka uzito kama kawaida. Laiti karatasi ile ingefika Shela! Nilijua habari zake wakati mtoto huyo ameshamaliza shule.

Wifi yangu ndiye aliyetengeneza dawa ya kifua. Kwanza, mtoto aamshwe na anyonyeshwe pande zote mbili kabla sijatawadha. Pili, alichukua sidiria zangu mbili kuukuu, akazishona moja juu ya nyingine, akatoa mikanda na kuweka mipya ya kitambaa cha marekani, mipana kama vidole vitatu, ikapishana mgongoni. Ndani, penye chuchu, akaweka vipande vya kanga laini vya kufyonza maziwa, vinavyotolewa na kufuliwa. Nilipoivaa nilikimbia bila kujishika kifua kwa mara ya kwanza. Huko Vermont, Marekani, mwaka 1977, mkimbiaji Lisa Lindahl alikuwa amepatwa na adha hiyohiyo, yeye na wenzake Polly Smith na Hinda Miller wakashona pamoja nguo mbili za ndani za wanariadha wa kiume, na hapo ndipo ilipozaliwa sidiria ya michezo inayouzwa dunia nzima. Nayo mikanda yake ilipishana mgongoni. Wifi yangu hakuwa na habari ya Vermont wala ya hao watu. Alikuwa na sindano, na alikuwa amenyonyesha watoto sita.

Lililotushinda kusema lilikuwa jingine. Asubuhi moja kamba ya nanga ya dau ilikuwa imelala katika njia yetu, nikairuka. Nilipotua, mkojo ukanitoka, ukateremka mpaka magotini. Nikasimama palepale. Wifi yangu akatazama suruali, akanitazama usoni, akasema, "Hata mimi. Tangu mtoto wa tatu." Tulikuwa tumekula sinia moja miaka yote hiyo, na hakuna aliyejua la mwenzake. Yeye alikuwa akijiwekea kipande cha kanga kila akitoka nyumbani. Kwenye harusi hakuthubutu kucheza, na watu walimwona ana maringo.

Hofu yangu kubwa ilikuwa fistula. Nilikuwa nimesikia habari za wanawake waliokaa na uchungu siku nyingi, mtoto amekwama, wakabaki wakitokwa na mkojo usiku na mchana mpaka waume wakawahama. Hakuna aliyekuwa ametueleza kwamba hayo ni maradhi mawili. Fistula ni tundu linalofanyika kati ya kibofu na njia ya uzazi, na kwa kawaida huzibwa kwa upasuaji. Sisi ilikuwa misuli ya chini iliyolegea: mkojo unaponyoka ukiruka, ukipiga chafya, ukicheka sana, na kisha unakoma.

Kulikuwa na jambo la twahara pia. Nguo iliyopata mkojo haisaliwi, na mimi nilikuwa nimeanza kuogopa hata sala zangu za nyuma. Tukaenda kwa bibi aliyekuwa akisomesha wasichana Kurani. Nilimweleza nikiwa nimeinamisha kichwa. Akaniinua kidevu. "Hakuna haya katika dini," akasema. Akatufahamisha kwamba mwanamke anayetokwa mfululizo bila kuweza kuzuia hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha baada ya wakati wa sala kuingia, akasali, na sala yake ni sahihi. Mimi nilikuwa natokwa nikikimbia tu. Basi nirudi, nijisafishe, nibadili nguo, nitawadhe. Kisha akatupeleka kwa mkunga mmoja, kwa sababu, alisema, sharia imeshajibu na sasa ni zamu ya dawa.

Mkunga hakushangaa hata kidogo. Alitulaza chali mmoja mmoja, akapitisha vidole katikati ya tumbo kuanzia kitovuni, akanionyesha mfereji mahali misuli ilipoachana. Vidole vyake viwili vilizama. Akasema tumbo likiwa wazi hivi, mgongo na chini ndivyo vinavyolipa. Akatufundisha zoezi: kubana kule chini kana kwamba umebanwa na mkojo, uko njiani na choo kiko mbali, na njia ya nyuma pamoja, bila kubana mapaja wala kuzuia pumzi. "Fumba, shika, kisha wata," alikuwa akituimbia, nasi tukifuata. Tulifanya tukikanda mahamri, tukafanya tukingoja mashua ya kwenda mjini. Katikati ya kaskazi nilipita penye kamba ileile, nikairuka, nikafika upande wa pili mkavu. Mwaka 1948 daktari Mmarekani aitwaye Arnold Kegel aliandika juu ya zoezi hilo, na jina lake ndilo lililoshika vitabuni. Mkunga wetu alifunzwa na mama yake.

Nyuma kidogo, Novemba ya 1994, redio ya KBC ikatangaza kwamba Tegla Loroupe, binti wa Pokot Magharibi, ameshinda mbio za marathoni za New York, Mwafrika wa kwanza mwanamke kuzishinda. Wanaume waliokaa kwenye madaka walizungumza habari hizo siku kadhaa, na tangu hapo, tulipopita alfajiri, hakuna aliyetuuliza, "Yeo mwenda api?" Mume wangu alifurahi kana kwamba ni sisi tulioshinda. Wifi yangu aliuliza swali moja tu: "Ana watoto?" Loroupe alikuwa na miaka 21, na mtoto hana. Wifi yangu akanyamaza, akaendelea kuparua samaki.

Mwezi wa pili au wa tatu baada ya hapo ndipo alipoanza kuniambia jioni anahisi uzito, kitu kinasukuma kushuka, na akilala kinarudi. Siku moja bafuni alikigusa kwa mkono. Alikwenda kwenye zahanati moja akaambiwa hiyo ni kawaida ya aliyezaa sana, akae tu atulie. Akakaa na kutulia mwaka mzima, na hali ikazidi. Mwishowe alisafiri Mombasa. Miaka ile basi la kutoka Mokowe, upande wa bara, lilikwenda na polisi wenye bunduki kwa sababu ya majambazi wa njiani, na yeye alikaa safari nzima juu ya mto, akiogopa mashimo ya barabara kuliko majambazi. Huko ndiko alikoambiwa jina la ugonjwa, kwamba kizazi kimeshuka, akawekewa pete ya mpira ya kukishikilia. Akaweza kutembea, kupika, kucheza harusini. Kukimbia hakurudi tena. Alilia kwa hilo kuliko nilivyomwona akilia msibani, na ndilo linalonikera mpaka leo: mwanamke aliyebuni mbio zetu na kunishonea nguo yangu alikosa mtu wa kumwambia, kabla hajaanza, kwamba aliyezaa mara sita aanze kwa kubana na kutembea, kisha mbio kidogokidogo, na kwamba uzito ule ni dalili ya kusimama na kutafuta tiba, si jambo la kuvumilia.

Mwaka 2001 Catherine Ndereba alikimbia marathoni ya Chicago kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47, hakuna mwanamke aliyekuwa amefika hapo kabla yake, na alikuwa na binti aliyezaliwa mwaka 1997. Nilikwenda nyumbani kwa wifi yangu kabla sijavua hata viatu. Nikamwambia, "Huyu ana mtoto." Akataka nimweleze yote tangu mwanzo. Alikuwa hai pia kumwona Faith Kipyegon, aliyejifungua kwa upasuaji mwaka 2018, akishinda mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Hakuiona ile ya Paris ya 2024.

Mwaka 2019 wataalamu watatu wa fiziotherapia kule Uingereza walitoa mwongozo juu ya wanawake wanaorudi kwenye mbio baada ya kuzaa: mtu asianze kabla ya wiki 12, na hata hapo apimwe kwanza misuli ya chini na ya tumbo. Niliusoma kwenye simu ya binti yangu, yule aliyekuwa akiamshwa alfajiri anyonye. Mwaka jana alijifungua mtoto wake wa kwanza Mombasa, nikaenda kumlea. Arobaini ilipoisha akaniambia nimshikie mtoto, yeye anatoka kukimbia kidogo.

Nikamwambia akae. Mumewe alikuwapo chumbani, akataka kuinuka, maana kwetu mkwe hasikii maneno haya kutoka kwa mama mkwe. Nikamwomba naye akae. Nikawaeleza habari ya maziwa, ya kamba ya dau, ya tumbo lililoachana, ya wifi yangu na safari yake ya Mombasa, bila kuficha. Binti yangu akasema kwa sauti ndogo kwamba akipiga chafya humtoka. Mkwe wangu akachukua simu, akauliza mtaalamu wa fiziotherapia hupatikana siku gani, na kama na mimi ningependa kwenda nao.