Jambo Hili Limewahi Kufanywa?

Kazi ya hataza, ukiivua makaratasi yake yote, ni swali moja: jambo hili limewahi kufanywa? Mteja anakuja na kifaa au dawa, anaapa kwamba hakuna aliyemtangulia, nawe unalipwa kumtafuta aliyemtangulia. Ukimkosa, unaandika madai na kuyapeleka BRELA, wakala wetu wa usajili, au ARIPO, shirika la haki miliki la kanda ya Afrika, kule Harare. Ukimpata, unamwambia mteja ukweli kabla mkaguzi hajamwambia. Nimeishi na swali hilo tangu ujana wangu, na namna ya kulijibu imebadilika katika miaka hii michache kuliko katika miaka yote iliyotangulia.

Nilipoanza, Tanzania ilikuwa imejiunga karibuni na Itifaki ya Harare na Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza, yote mawili mwaka 1999, na BRELA yenyewe ilikuwa bado changa. Kazi nyingi zilitoka nje: kampuni za dawa, za mbegu, za mitambo ya migodini. Upekuzi tuliufanya kwenye majarida yaliyochapwa na kwenye sahani za CD. Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilikuwa imeshafungua hazina yake ya Espacenet mwaka 1998, lakini kwa intaneti yetu ya wakati ule, ukurasa wenye mchoro uliweza kukumalizia asubuhi nzima. Ukishaupata huuachi. Nilisoma hataza za pampu, za vinu, za viuatilifu, nikizirudia hadi nikaanza kuona mahali mwandishi alipopanua madai kuliko alichokivumbua. Hakuna aliyenifundisha kuona hivyo darasani. Nililipata jicho hilo kwa kusoma, nikiwa nalipwa kidogo.

Mabadiliko ya kwanza yalikuja taratibu. Google ilileta hazina yake ya hataza mwaka 2006. Kisha zikaja tafsiri za mashine, na hataza za Kichina, ambazo zamani tuliziruka kwa kukosa mtafsiri, zikasomeka. Leo maombi yanayowasilishwa duniani kwa mwaka yamepita milioni 3.5, na sehemu kubwa ni ya China. Hakuna binadamu wa kuyasoma hayo.

Mwishoni mwa 2022 programu za akili mnemba zinazojibu kwa maandishi zilipofunguliwa kwa kila mtu, mabadiliko yaliacha kuja taratibu. Sasa unaipa programu ya upekuzi maelezo ya uvumbuzi, nayo inarudisha orodha iliyopangwa kwa ukaribu, pamoja na jedwali linaloonyesha kipengele gani cha madai kimeguswa na hataza ipi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya vijana wa mafunzo. Vijana wenye shahada nzuri wanakuja kuomba nafasi ambayo mimi niliipata bila tabu, nafasi ya kupekua, kulinganisha na kuandika rasimu ya kwanza, na nafasi hiyo haipo tena kwa sura ile. Jambo hili linaniuma. Wakili asiyewahi kuhangaika na hataza mbovu atalijuaje jibu bovu la mashine? Na majibu mabovu yapo: mwaka 2023 mawakili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na programu. Tena ukiimwagia programu ya wazi siri ya mteja ambaye bado hajawasilisha ombi, unaweza kumpotezea kila kitu.

Watu hupenda zaidi kuniuliza kama mashine inaweza kuwa mvumbuzi. Stephen Thaler wa Marekani aliyapeleka maombi yenye jina la mashine yake, DABUS, katika nchi nyingi. Afrika Kusini, ambayo haikagui undani wa uvumbuzi, ilimpa hataza Julai 2021. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilimkatalia Desemba 2023. Ni swali la kuvutia, lakini kwangu haligusi tumbo kama lile la vijana, wala kama hili ninalotaka kulieleza.

Kwetu Nyantakara, wilayani Biharamulo, tulipokuwa tukilima tulikutana na mavi ya chuma ardhini, mawe meusi mazito yenye vitundu. Wazee walituambia ni kazi ya Warongo, wahunzi ambao majembe yao yaliuzwa hadi Usukumani na kulipiwa mahari, kabla majembe ya viwandani hayajazima matanuri yao. Niliyakumbuka mawe hayo niliposoma kesi ya Neilson, ambayo kila mwanafunzi wa hataza huipitia. James Beaumont Neilson wa Glasgow alipata hataza mwaka 1828 kwa kuipasha hewa moto kabla haijaingia kwenye tanuri la chuma, na mahakama ikamthibitishia mwaka 1841. Zaidi ya karne moja baadaye kesi hiyo ilikuwa bado inatajwa. Juni 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliirejea ilipomnyima mwombaji aitwaye Flook hataza ya hesabu za kompyuta, na hoja zake ndizo zinazoendelea kuwasumbua wanaotaka kulinda akili mnemba leo.

Septemba mwaka huohuo, jarida la Science lilichapisha makala ya Peter Schmidt na Donald Avery. Wazee wa Kihaya walikuwa wamejenga tanuri upya na kuyeyusha chuma mbele ya watafiti hao, na makala ikadai kwamba mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani kabisa ya tanuri yaliipasha hewa ya mivukuto, na kwamba ustadi huo ulikuwepo Buhaya tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wapo wataalamu waliobisha kuhusu kiasi cha joto. Hata hivyo, leo ukiiuliza programu kuhusu hewa iliyopashwa moto inakuletea Neilson na Wahaya pamoja, kwa sekunde. Wahaya wamo kwa sababu mtu alikaa nao, akapima, akaandika.

Mteja mmoja alituletea unga wa kuhifadhia mahindi yasiliwe na dumuzi, mdudu aliyeingia nchini kupitia Tabora na kuwatia hasara wakulima wote wa kanda yetu. Ulikuwa mchanganyiko wa majivu na majani ya mti fulani, ambao siutaji kwa sababu mambo ya mteja ni siri. Programu ilipekua ikasema hakuna kinachokaribia. Mimi niliposoma jina la mti nikampigia shangazi yangu.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Za huko?”

“Nzuri. Yale majani mliyokuwa mkichanganya na majivu ghalani, nani aliyeanza?”

“Nani aanze? Mama mkwe alinionyesha, naye alionyeshwa. Kwani huko Dar nanyi dumuzi wamewafikia?”

Sheria yetu ya Hataza ya mwaka 1987 iko wazi hapa. Kwa nchi nyingine inatazama kilichochapishwa, lakini kwa Tanzania inahesabu pia kilichowekwa wazi kwa mdomo au kwa matumizi. Alichofanya shangazi ghalani kina uzito uleule wa hataza ya Tokyo. Wahindi hawakuwa na bahati hiyo walipopinga hataza ya Marekani ya mwaka 1995 juu ya manjano ya kutibu vidonda. Sheria ya Marekani ya wakati ule haikuhesabu matumizi ya nje yasiyoandikwa, ikabidi walete maandishi ya Kisanskriti na makala ya mwaka 1953 ndipo ikafutwa mwaka 1997.

Tulimshauri mteja aache mchanganyiko na adai kile alichokibuni kweli, yaani namna ya kuukausha na kuugeuza vidonge. Hilo lilikuwa lake. Na binti tuliyemchukua mafunzoni, mzaliwa wa Tanga, akapewa kazi ambayo ofisi haikuwahi kuwa nayo: kwenda Nyantakara kuuliza wanawake wenye maghala, kuandika nani alitumia nini, tangu lini, na nani alishuhudia. Nilimwonya asiweke chochote mtandaoni. Wahindi walipojenga hazina yao ya maarifa ya jadi, kuanzia 2001, waliwafungulia wakaguzi wa hataza kwa makubaliano maalumu, nami naona walifanya vyema. Kinachomwagwa wazi kinachukuliwa na yeyote, na Itifaki ya Swakopmund, ambayo ARIPO iliipitisha mwaka 2010, inatambua kwamba maarifa ya namna hiyo yana wenyewe.

Aliporudi, alisoma jibu la programu kwa jicho jingine. Alikuwa akiuliza kila mara: hili limetafutwa wapi, kwa lugha gani, na nani hakuulizwa? Bado namtaka asome hataza nzima mwenyewe kila wiki, na anasoma. Kwenye ankara ya mteja, chini ya upekuzi, tuliongeza nauli ya Biharamulo, mkalimani wa Kisubi (lugha ya huko) na ada ya kamishna wa viapo. Mteja aliuliza ni za nini, akaelezwa, akalipa.