Fundichuma wa Njia ya Kyela

Kiongozi mmoja wa wageni alianza kama kondakta wa mabasi ya Coaster ya Mbeya–Kyela, akiita abiria kuanzia Uyole, Isongole na Kiwira hadi Tukuyu. Baadaye akashika usukani. Siku hizi anaongoza wageni: leo Ziwa Ngosi, kesho Daraja la Mungu, keshokutwa maporomoko ya Kaporogwe. Katika kazi zote tatu, swali moja halijamwacha: "Kaka, yule ndege wa kahawia pale majini ni ndege gani?"

Maji ndiyo yanayolileta swali hilo. Sehemu nyingi za wilaya ya Rungwe, ambamo njia hiyo inapita, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo ukitoka Mto Kiwira utavuka vijito kadhaa na kupita mitaro ya migombani kabla hujafika mbali. Huko ndiko ndege huyo anakoshinda, na ndani ya gari kila mtu ana jibu lake. Mmoja anaona rangi, anasema mwewe. Mwingine anaona miguu, anasema korongo. Wa tatu anashikilia kwamba ni kwarara.

Kiongozi huyo huwaambia waachane na rangi, watazame kichwa. Kwarara ana mdomo mrefu, mwembamba, uliopinda kuelekea chini. Mwewe ana mdomo mfupi wenye ncha ya kuraruria nyama. Korongo ana shingo ndefu. Huyu shingo yake ni fupi, mdomo ni mweusi na umebanwa kwa ubavuni, na kisogoni kuna kishungi kilicholala kuelekea mgongoni. Mtazame kwa upande: kichwa kizima ni nyundo.

Basi ni fundichuma, ambaye wengine humwita msingwe.

Urefu wake ni kama sentimita 56. Wanasayansi wamemweka katika familia ya peke yake, Scopidae, na miongoni mwa jamaa zake wa karibu yumo mwari, ingawa kwa sura huwezi kuwadhania ndugu. Anapatikana karibu kote Afrika kusini mwa Sahara, Madagaska, na hadi Yemeni.

Gari likisimama, wageni humwona akiwa kazini. Anatembea polepole kwenye maji ya kina kifupi, anatikisa mguu mmoja topeni, chura anachomoka, mdomo unashuka.

Kiota chake hakihitaji darubini. Ni rundo la maelfu ya vijiti lililopachikwa kwenye panda ya mti, mara nyingi juu ya maji, likiwa na paa na mlango mdogo uliosiribwa kwa tope. Upana wake unaweza kufika mita moja na nusu. Katikati ya vijiti huonekana matambara na vipande vya mifuko ya plastiki. Mama mmoja aliyepanda gari na mkungu wake wa ndizi alimwonya kiongozi huyo, "Mwanangu, hicho kiota usikiguse." Katika sehemu nyingi za kusini mwa Afrika pia huaminika kwamba anayemdhuru ndege huyu anajiitia radi.

Vijana wanaojifunza kazi kwake hawafungui kitabu cha ndege cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mwaka 2002, kabla ya kuuchora mdomo kwenye daftari. Kitabu hicho kina spishi zaidi ya 1,300 za Afrika Mashariki. Anayekiingia na "kahawia, majini" tu atafika mpakani Kasumulu bado anafunua kurasa.