Kilomita Chache, Miaka Mingi: Tunavyolitunza Gari Letu la Spoti



Wengi wenu mmetuuliza kuhusu lile gari jekundu la milango miwili linalosimama mbele ya duka letu la kushonea. Kuna wanaouliza bei, na kuna wanaouliza kama inafaa wanawake wawili wa buibui kupanda gari la spoti. Bei tutaiweka moyoni. Tuzungumze matunzo, maana hayo yatamfaa kila mwenye gari kuukuu.

Gari letu ni Toyota Celica ya mwaka 2002. Sisi ni dada na mdogo wake, tulidunduliza pesa za cherehani miaka mitatu mpaka tukalipata, likitoka Japani na kilomita 41,000 tu. Kila aliyeona namba ile alisema mashaAllah, jipya hilo! Fundi wetu alipofungua boneti hakusema hivyo. Alisema, "Wanangu, hili halikutembea, lakini limezeeka. Tuanze na mipira."

Tulimwelewa upesi kwa sababu ya kazi yetu. Chukua gauni la lastiki, liweke kabatini miaka kumi bila kulivaa. Siku utakapolivuta, lastiki inakatika, na kitambaa bado kizuri. Gari nalo ni hivyo hivyo. Mipira ya rejeta, fen belti, sili za injini na matairi huzeeka hata gari likiwa limesimama.

Matairi ndiyo yaliyotupa mtihani. Kashata zilikuwa nene, mtu angeapa ni mapya. Fundi akatuonyesha ubavuni penye herufi DOT, mwisho wake pana namba nne. Zetu zilisomeka 2311, maana yake yalitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2011. Watengenezaji wengi wanashauri tairi lisivuke miaka 10 hata kama linaonekana zima. Yetu yalikuwa na nyufa ndogo ndogo, kama kisigino kikavu.

Wiki ile ile kulikuwa na harusi ya ukoo Makunduchi. Mama alikuwa ameshaambia watu kuwa atakwenda na gari la wanawe. Pesa tuliyokuwa nayo ni ya vitambaa vya Sikukuu, na matairi manne yangeimaliza. Tulikaa usiku tukajadiliana. Tungeweza kwenda taratibu tukarudi salama. Lakini njia ile ni ndefu, inapita msitu wa Jozani, na tairi bovu likipasuka haliangalii umempakia nani. Asubuhi tukapanda daladala sote watatu, na Mama hakusema neno hadi tulipofika. Harusini walitucheka, "Gari la maonyesho!" Tukacheka nao. Wiki iliyofuata tukanunua matairi, na Sikukuu ile tukashona vitambaa walivyoleta wateja wenyewe. Faida ilikuwa ndogo, lakini alhamdulillah tulilala usingizi.

Baada ya matairi tukaja kwenye breki. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Ikishakuwa na maji, breki zikipata moto inachemka, na pedali inakuwa laini mguuni. Kwa hiyo hubadilishwa kila miaka miwili, iwe umetembea au hukutembea. Mipira ya rejeta na fen belti tulibadilisha kwa mkupuo mmoja, pamoja na kulanti.

Oili ya injini tunabadilisha kila miezi sita, hatungoji kilomita zitimie. Safari zetu ni za Mwanakwerekwe na Darajani, fupi, na injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu ndani yake. Ndiyo maana mara moja kwa wiki tunalipeleka mpaka Mkokotoni, lipumue. Injini za aina hii za miaka ile ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili, basi kila Ijumaa asubuhi, injini ikiwa baridi na gari liko mahali tambarare, tunachomoa stiki tunatazama. Jema lake ni kwamba injini hiyo ya 1.8 imo pia kwenye Allion na Wish, kwa hiyo spea zake zinapatikana.

Hapa kisiwani tuna adui mwingine, chumvi. Tukitoka pwani tunalisafisha kwa maji baridi ya mfereji, hasa chini ya gari, maana kutu haianzi pale unapopaona. Na msilifunike kwa nailoni! Nailoni inafungia unyevu ndani. Tumelishonea kanzu lake la kitambaa cha pamba, linapita hewa, nalo hukaa kivulini.

Sasa lile swali la pili, kama inafaa. Sisi tunaona gari ni amana, liwe la spoti au la kubebea mchanga. Kununua kitu kwa fahari kisha kukiacha kioze ni ubadhirifu. Kukitunza ili kisimdhuru aliyemo wala anayevuka barabara, hilo tunataraji malipo yake kwa Mola. Kila safari tunaanza kwa Bismillahi na dua, na kabla ya dua tunazunguka gari kutazama matairi. Hatuoni moja likichukua nafasi ya jingine.

Kama nawe unataka kununua gari la miaka mingi na kilomita chache, weka kando pesa ya mipira, matairi na oili zote kabla hujafikiria rangi wala muziki. Sisi tuna kopo dukani. Kila gauni likichukuliwa, shilingi elfu moja inaingia humo. Juzi lilitutolea betri mpya bila kugusa pesa ya kodi.

Mwenyezi Mungu awalinde njiani, nyinyi na mliowapakia. Amin.