Mwanasheria Aliyetupimia Bahari



Mvuvi wa Wiyoni anapotweka tanga huitazama bahari kuwa riziki ya Mola, na ni kweli. Lakini katika sheria za walimwengu, haki yetu juu ya samaki wa mbali ina tarehe, na ina mtu aliyeipigania: Frank Njenga, mwanasheria wa Kenya aliyeingia katika utumishi wa mambo ya nje.

Zama zile mataifa makubwa, yaliyotoka katika Vita Vikuu vya Pili na meli nyingi, yalitaka mamlaka ya nchi za pwani yaishie maili chache tu. Baadhi ya nchi za Amerika ya Kusini nazo zilidai maili 200 nzima ziwe milki yao. Januari 1971, mjini Colombo, mbele ya kamati ya wanasheria wa Asia na Afrika, Njenga alileta njia ya kati: samaki na mali ya chini ya bahari viwe vya nchi ya pwani, na njia ya meli ibaki wazi kwa wote. Mwaka 1972 Kenya iliwasilisha rasimu yake Geneva, na Disemba 1982 wazo hilo likatiwa saini Montego Bay, Jamaika, ndani ya Mkataba wa Sheria ya Bahari. Hakutaka kila kitu. Ndiyo maana akapata. Aliyesoma mlango wa sulhu katika fiqhi atamfahamu upesi.

Mkataba huo, hata hivyo, una sharti ambalo wavuvi wetu hawasomewi. Nchi isiyoweza kuvua samaki wake wote hutakiwa kuwaruhusu wengine wavue ziada, kwa makubaliano. Maili 200 za baharini ni kilomita 370. Mashua zetu, hasa wakati wa kusi, haziendi mbali na miamba, na udhaifu huo humpa mgeni hoja ya kisheria.

Kisha kuna jambo la huko kaskazini, kupita Kiunga. Mwaka 2014 Somalia iliishtaki Kenya kuhusu mpaka wa baharini. Kesi iliposikilizwa The Hague, Machi 2021, Kenya haikufika. Oktoba 12 mwaka huo majaji walichora mstari wao, na Kenya ikaukataa. Serikali ilikuwa na sababu zake, na ilizieleza. Lakini kiti kitupu hakijibu hoja, nacho kilikuwa kiti cha nchi ya Njenga. Bahari iliyogombaniwa ndiyo ambayo kijana wa Kiunga au wa Wiyoni angeivua siku apatapo chombo cha kuifikia.