Makapi ya miwa na sufuria ya mama

Nimepotea, najua, nilikuwa nyumbani Tabora. Nimerudi kampasi jana na treni, mgongo hauna hamu, ila kwenye begi nina furushi la nyuzi fupifupi za makapi ya miwa. Ndiyo projekti yangu ya mwaka wa mwisho hiyo. Jumatatu nasimama mbele ya maprofesa.

Wazo lilitoka kwenye mashine ya mama ya kukamulia juisi ya miwa, ambayo ndiyo inanilisha bumu likikata. Makapi yanarundikana, nzi wanajaa, jirani ananuna. Viwanda vikubwa kama TPC Moshi na Kilombero vinachoma ya kwao kupata mvuke na umeme, sisi tunatupa. Kule Okinawa, Japani, kuna watu wanayasaga, wanayachanganya na nyuzi za abaka, wanatengeneza karatasi, halafu wanaikata vipande vyembamba na kuisokota kuwa uzi wa jinzi. Nikasema, na Tabora je? Mji huu nguo unazijua. Wapagazi walileta merikani kutoka pwani, ikatumika kama pesa. Lakini Burton alipofika Kazeh mwaka 1857 aliwakuta Wanyamwezi wanafuma pamba yao wenyewe!

Basi nikachemsha makapi kwenye kostiki, ile ya watengeneza sabuni, kuyeyusha lignini inayogandisha nyuzi. Kwa haraka zangu nikachukua sufuria ya mama ya ubwabwa. Ya alumini. Jamani, kemia mwaka wa tatu nimesahau kwamba kostiki inakula alumini! Mapovu, sufuria nyeusi tii, chini imebaki kama karatasi. Mama akaangalia, akaangalia tena. "Mwanangu, ada yangu ndiyo imekufundisha hivi?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mara ya pili nikaazima sufuria ya chuma. Nyuzi zikatoka, za kahawia, ngumu. Kuzisokota pajani peke yake zinakatika tu, ni fupi mno. Nikachanganya nusu kwa nusu na pamba ya Igunga, zikashikana. Uzi wa urefu wa mkono mmoja! Mama akauvuta kwa nguvu zote, haukukatika. Akaondoka nao.

Kwa hiyo Jumatatu nakwenda na hizi fupifupi. Uzi wenyewe uko jikoni Tabora, umefunga mfuko wa chumvi. Na sufuria bado nadaiwa.